Nyimbo za Mradi: Historia Fupi ya Muziki wa Tamthilia za Vijana Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alikuja ofisini akiwa na ombi ambalo sikulitegemea. Alikuwa akiandika tasnifu kuhusu elimu ya UKIMWI kwa vijana wa Mkoa wa Iringa katika muongo wa kwanza wa karne hii. Baada ya shikamoo na marahaba, alinieleza kuwa ripoti amezipata, takwimu amezipata, na hata picha za mabango ya zamani anazo. Kilichomshinda ni wimbo. Marehemu mama yake alikuwa na mazoea ya kuuimba wimbo wa mchezo mmoja wa redio wakati wa palizi, na mama yake mkubwa aliyeko Ilula bado anaukumbuka. Binti alitaka kuusikia kama ulivyorushwa hewani, na kumtaja mtunzi wake katika tasnifu kama ambavyo angemtaja mwandishi wa kitabu.

Tuliutafuta kwa wiki sita. Ofisi moja iliyowahi kuratibu mradi husika ilitujibu kwamba mradi ulishafungwa na kanda ziliondoka nao. Kituo kimoja cha redio kilitwambia kwamba kompyuta za wakati ule zilishabadilishwa. Mtangazaji mmoja mstaafu aliukumbuka mchezo, akawakumbuka waigizaji wawili, lakini mwimbaji hakumjua. Alituambia jambo ambalo limekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo: mwisho wa kila kipindi walisoma jina la mfadhili, na hawakuwahi kuandikiwa jina la mwimbaji ili walisome.

Makala haya yametokana na utafutaji ule. Swali langu ni la kihistoria, ingawa jibu lake ni la kisiasa. Kijana wa California aliyependa wimbo katika tamthilia ya mwaka 2004 anaweza kuupata wimbo huo leo kwa dakika moja, pamoja na jina la bendi, mtunzi na mwaka. Kijana wa Iringa wa mwaka huohuo hawezi. Kwa nini? Wengi watasema ni teknolojia. Nami nasema teknolojia ni sehemu ndogo ya jibu. Sehemu kubwa ni nani alilipa, alilipia nini, na mkataba ulisemaje.

Kule Marekani: biashara iliyoacha kumbukumbu

Nilikuwa kidato cha tano mkoani Mbeya mwaka 2005 nilipozitazama tamthilia za vijana wa Kimarekani kwa mara ya kwanza. Hazikutufikia kwa televisheni. Zilitufikia katika diski zilizouzwa Mwanjelwa na Tunduma, msimu mzima umebanwa katika diski moja, jalada limejaa makosa ya herufi. Wakati wa likizo tulizitazama katika banda la video kwa kiingilio cha shilingi 100, tukikaa juu ya mabenchi ya mbao huku baridi ya Juni ikipenya kwenye mabati.

Iliyotushika zaidi iliitwa The O.C., iliyoanza kuonyeshwa Marekani Agosti 2003. Inasimulia habari za kijana wa familia maskini anayechukuliwa kulelewa na familia ya wakili katika mji wa matajiri kando ya bahari. Kiingereza chao kilitupita kwa kasi, lakini muziki ulituingia. Ulikuwa muziki wa gitaa, wenye sauti za huzuni, wa bendi ambazo hatukuwahi kuzisikia redioni. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata Wamarekani wengi hawakuwa wamezisikia. Zilikuwa bendi huru za roki, zilizozoea kurekodi kwa kampuni ndogo na kupiga katika kumbi ndogo, na muziki wao ndio unaojulikana duniani kwa jina la indie.

Mtindo huu haukuanza na The O.C. Tamthilia ya Beverly Hills, 90210 ilikuwa na albamu yake tangu mwaka 1992. Dawson's Creek, iliyoanza mwaka 1998, ilitoa albamu yake mwaka 1999, na kituo kilichoirusha kilikuwa na desturi ya kuwatajia watazamaji, mwishoni mwa kipindi, majina ya wasanii ambao nyimbo zao zilisikika usiku huo. The O.C. ndiyo iliyoufikisha mtindo huo kileleni. Mteuzi wa muziki wake, Alexandra Patsavas, alizipa bendi ndogo nafasi ambayo redio kubwa ziliwanyima. Kati ya mwaka 2004 na 2006 zilitoka albamu sita za nyimbo za tamthilia hiyo. Katika msimu wa pili waandishi walibuni ukumbi wa muziki ndani ya hadithi yenyewe, na bendi za kweli kama Death Cab for Cutie, The Killers na Modest Mouse zikapanda jukwaani mbele ya wahusika wa kubuni.

Nyuma ya pazia kulikuwa na utaratibu wa kisheria ulio rahisi kuuelewa. Anayetaka kuweka wimbo katika picha anahitaji ruhusa mbili. Ya kwanza ni ya mtunzi wa wimbo, na ya pili ni ya mwenye rekodi. Kila ruhusa ina bei, na kila ruhusa inaandikwa. Bendi ambayo haikuwa na nafasi ya kupigwa redioni iliweza kulipa kodi ya nyumba kwa wimbo mmoja uliochezwa dakika mbili katika kipindi kimoja. Karatasi zile za malipo, ambazo wakati huo zilikuwa jambo la wahasibu tu, leo zimekuwa kumbukumbu ya historia. Zinatwambia nani aliimba nini, lini, kwa ajili ya nani.

Sitaki msomaji adhani kwamba biashara ile haikuwa na madhara. Watu waliokuja kuitazama Dawson's Creek kwenye mtandao walikuta wimbo wake wa ufunguzi, ulioimbwa na Paula Cole, umeondolewa na kuwekwa wimbo mwingine wa Jann Arden, kwa sababu ya mambo ya haki na malipo. Ikawa kwamba hata huko, kumbukumbu ya kizazi kizima ilitegemea kifungu cha mkataba. Hata hivyo kulikuwa na mkataba wa kubishania. Sisi hatukuwa nao.

Huku kwetu: barabara kuu na ugonjwa

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo tamthilia ya kwanza kubwa iliyozungumza na vijana wetu kuhusu mapenzi, pesa na mauti ilikuja kwa redio. Hiyo ni Twende na Wakati, iliyoanza kurushwa na Radio Tanzania mwezi Julai 1993. Mhusika wake aliyekumbukwa zaidi, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake katika vituo vya njiani, na mkewe Tunu ndiye aliyebeba gharama ya maisha hayo.

Kwa msikilizaji wa Nyanda za Juu Kusini, Mkwaju hakuwa mtu wa kubuni sana. Barabara ya kwenda Zambia inapita Ilula, inapita Mafinga, inakutana na ya Songea pale Makambako, inaingia Mbeya kupitia Uyole na kuishia mpakani Tunduma. Kila mmoja wetu alimjua Mkwaju wa mtaani kwake. Na takwimu zilikuja kuthibitisha tulichokuwa tukikiona makaburini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003–04 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 yalikuwa karibu asilimia 14 mkoani Mbeya na asilimia 13 mkoani Iringa, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 7. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2007–08, uliikuta Iringa, ambayo wakati huo ilijumuisha Njombe, ikiwa karibu asilimia 16, huku taifa likiwa limeshuka hadi karibu 6.

Twende na Wakati inasomwa hadi leo katika vyuo vikuu vya dunia, na sababu yake inafaa kutajwa. Kuanzia mwaka 1993 hadi 1995 watu wa eneo la Dodoma walirushiwa vipindi vingine, ili watafiti wapate mahali pa kulinganisha tabia za waliosikiliza na wasiosikiliza. Matokeo yalionyesha kwamba mchezo ulisaidia kubadili tabia, na sina sababu ya kuyapinga. Ninachotaka kukionyesha ni kilichohesabiwa na ambacho hakikuhesabiwa. Walihesabu kondomu, wapenzi na ziara za kliniki za uzazi wa mpango. Orodha ya watunzi wa nyimbo haikuwa sehemu ya kazi ya mtu yeyote.

Hapo ndipo njia yetu ilipoachana na ya Wamarekani. Tamthilia zao za vijana zililipiwa na wauza bidhaa na kampuni za muziki, na kwao wimbo ulikuwa mali. Za kwetu zililipiwa, kwa sehemu kubwa, na bajeti za afya za wahisani, na katika bajeti hizo wimbo ulihesabiwa kuwa chombo cha kufikishia ujumbe. Wenzetu Wakenya walipopata Shuga mwezi Novemba 2009, tamthilia ya vijana wa Nairobi ambamo Lupita Nyong'o aliigiza kabla ya kujulikana duniani, nayo ilitokana na fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI na ilitolewa bure kwa vituo vya televisheni vilivyotaka kuirusha.

Wimbo uliokuwa tamthilia

Itakuwa kosa kusema kwamba vijana wa Mbeya na Iringa walikaa tu wakisubiri vipindi vya wahisani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mabango ya kampeni ya Ishi yenye maneno "Usione soo" yalipokuwa yamesimama mijini, bongo fleva ilikuwa imeshaanza kusimulia hadithi hizohizo kwa ndimi zetu wenyewe. "Alikufa kwa Ngoma" ya Mwana FA na Lady Jaydee, na "Starehe" ya Ferooz akiwa na Profesa Jay, zilikuwa tamthilia kamili, zenye wahusika, majuto na kifo, ndani ya dakika chache. Mmarekani aliweka wimbo ndani ya tamthilia. Sisi, kwa kukosa kamera, tuliweka tamthilia ndani ya wimbo. Nakumbuka bwenini kwetu wimbo wa namna hiyo ukipigwa katika redio ndogo ya mkulima, vijana arobaini wamekaa kimya, na wawili kati yao wakatoka nje kwa sababu walikuwa wamezika wazazi wao mwaka uleule.

Mwaka 2003 ilitoka filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Otieno, maarufu kwa jina la Tyson. Ilijitambulisha wazi kuwa ni filamu ya maisha na muziki, na wanamuziki kama TID, AY na Jay Moe waliigiza ndani yake pamoja na Monalisa. Hiyo ndiyo kazi yetu iliyokaribia zaidi mtindo wa The O.C., nayo ilitoka mwaka uleule. Ilionyesha kwamba vijana wa Tanzania walikuwa tayari kuona muziki wao na maisha yao katika picha moja, bila ripoti ya mradi nyuma yake.

Lakini njia ile haikupanuliwa vya kutosha. Vikundi vya maigizo vya televisheni, kama Kaole kilichoonekana ITV, vilikuwa na wasanii hodari na watazamaji wengi, na fedha kidogo. Katika maigizo mengi ya enzi zile nakumbuka muziki wa nyuma ukiwa vipande vya diski za kigeni, vimewekwa bila ruhusa ya mtu. Msanii wa Iringa mwenye gitaa hakuombwa wimbo, kwa kuwa wimbo wa Mmarekani ulipatikana bure. Huo ulikuwa wizi uliowaumiza watu wawili: aliyeibiwa kule na aliyenyimwa kazi huku.

Wako waliolalamika. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, ambaye wapiga kura wa Mbeya Mjini walimpeleka bungeni mwaka 2010 na kumrudisha mwaka 2015, amekuwa miongoni mwa sauti kali kuhusu unyonyaji wa wasanii. Wengi wetu tulimsikiliza kama mtu mwenye ugomvi wake binafsi. Nikitazama nyuma, naona alikuwa akizungumzia suala la ajira na mali, na wasomi wa vyuo vikuu tulichelewa kulitambua.

Mradi unapofungwa

Katika nusu ya pili ya muongo ule zilikuja kazi bora zaidi. Mchezo wa redio wa Wahapahapa, ulioandaliwa na MFDI, uliuweka muziki katikati ya hadithi, na bendi yenye jina hilohilo ikatoka redioni ikapanda majukwaani. Kuanzia Desemba 2012 ikaja tamthilia ya televisheni ya Siri ya Mtungi, iliyopigwa picha Bagamoyo, yenye vipindi 26 na nyimbo za wasanii wa Tanzania ndani yake. Vipindi vyake viliwekwa YouTube, na kwa sababu hiyo tu mwanafunzi wangu wa leo anaweza kuvitazama. Uamuzi huo mmoja wa kiutawala umefanya kazi ya makumbusho.

Upo mfano mwingine wa kutufariji, kutoka Zimbabwe. Filamu ya Neria ya mwaka 1993, kuhusu mjane anayedhulumiwa urithi, nayo ilikuwa kazi ya kuelimisha jamii. Lakini muziki wake ulikuwa wa Oliver Mtukudzi, mwenye jina lake, aliyeigiza pia ndani ya filamu, na nyimbo zile zikatoka kama albamu yake. Mtukudzi alifariki Januari 2019. Wimbo wa Neria ungali unapigwa kwenye harusi na misiba hadi Mbeya, na wanaoucheza wengi hawajawahi kuiona filamu wala hawamjui aliyeifadhili. Ujumbe umeishi muda mrefu kuliko mradi, kwa sababu wimbo ulikuwa na mwenyewe.

Nimewahi kubishana juu ya jambo hili na ndugu mmoja aliyefanya kazi katika miradi ya afya kwa miaka mingi. Hoja yake ni nzito na sina budi kuiandika. Alisema: "Mwalimu, watu walikuwa wanakufa. Hatukuwa na muda wa kuandikiana mikataba ya nyimbo. Tulitaka kila redio ipige bila kulipa, ili kila kijiji kisikie." Namheshimu kwa hilo, kwani huenda mimi nami ni miongoni mwa waliookolewa na vipindi vile. Lakini kutoa wimbo bure ni jambo moja, na kuuacha bila mwenyewe ni jambo jingine. Kumtaja mtunzi mwishoni mwa kipindi kulihitaji sekunde tatu. Kuacha nakala moja ya kanda katika maktaba ya mkoa kulihitaji bahasha.

Suala hili limekuwa la haraka zaidi sasa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID lilikuwa limefikia mwisho wa kazi zake. Mjadala wetu umejikita katika dawa na mishahara ya watoa huduma, na ni haki uanzie hapo. Lakini zipo pia ofisi zilizofungwa, kompyuta zilizogawiwa na makabati yaliyomwagwa. Ndani yake kulikuwa na sauti za miaka thelathini ya vijana wetu.

Yaliyo mikononi mwetu

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Inamlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inatambua haki yake ya kutajwa kwa jina. Maana yake ni kwamba nyimbo za michezo ya redio ya mwaka 1993 bado zina wenyewe mbele ya sheria, au warithi wao, hata kama hakuna anayewajua.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu mambo mawili yasiyohitaji bajeti kubwa. Kila halmashauri au wizara inaposaini makubaliano ya kipindi cha kuelimisha umma, kiwekwe kifungu kinachotaka majina ya watunzi na waimbaji yatajwe na nakala ya kazi ikabidhiwe kwenye hifadhi ya taifa. Pili, kabla ofisi ya mradi haijafungwa, afisa utamaduni aitwe aangalie kilichomo, kama afisa ugavi anavyoitwa kuhesabu viti na magari.

Kwa wanaharakati, nadhani ni wakati wa kuacha kulitaja suala la mirabaha kana kwamba ni la mastaa wa Dar es Salaam pekee. Aliyeimba wimbo wa mchezo wa redio mwaka 2006 kwa posho ya siku moja, na sasa anauza mbao Mafinga, ni mfanyakazi aliyedhulumiwa jina lake. Na kwa wanafunzi wangu: tasnifu zenu zimejaa takwimu za maambukizi, nami nimezifundisha mwenyewe. Nendeni pia Kihesa, Mwanjelwa na Ilula mkawaulize watu walikuwa wakiimba nini.

Yule binti alifanya hivyo. Wimbo wenyewe hatukuupata. Alisafiri hadi Ilula, akamrekodi mama yake mkubwa kwa simu, akiimba beti zote anazozikumbuka, huku kuku wakisikika nyuma na mara moja mtu akibisha hodi. Rekodi hiyo imekuwa kiambatisho cha tasnifu yake. Kwenye nafasi ya mtunzi ameandika "hajafahamika bado", na msimamizi wa nje alipomshauri aandike "wimbo wa mradi", alikataa kwa adabu, nami nikamuunga mkono.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna kaseti ya zamani yenye mchezo wa redio uliorekodiwa na kaka yako, usiitupe. Andika juu yake mwaka unaoukumbuka na mahali iliporekodiwa, kisha uipeleke maktaba iliyo karibu nawe.